Mahali pa Kale Katika Bonde la Ufa: Nani Atapalinda?

Barabara itokayo Nairobi kwenda Nakuru hupitwa kila siku na maelfu ya watu, na kila msafiri ana jambo linalomvuta macho. Mkulima hutazama mahindi ya wenziwe apate kuyalinganisha na yake. Karani hutazama saa, asije akachelewa kazini. Mgeni hutazama maziwa, na ndege heroe wasimamao majini kwa miguu yao mirefu. Lakini kando ya barabara hiyo hiyo pana mahali ambapo wengi wetu hupapita bila kugeuza shingo, napo ndipo walipoishi, walipofanya kazi na walipozikwa watu wa kale. Kazi yangu ya ukarani hunipeleka mara kwa mara sehemu za Naivasha, Gilgil, Nakuru, Njoro na Molo, na kila nipatapo nafasi hupenda kuzuru mahali hapo. Nataka niwaeleze wasomaji niliyoyaona na niliyoyasikia, kisha tulitazame pamoja swali moja ambalo nimeulizwa zaidi ya mara moja: mahali pa kale ni pa nani, na ni nani apaswaye kupalinda?

Tuanze na safari yenyewe. Ashukaye bondeni kwa njia ya chini, ile ipitayo Mai Mahiu, hukuta kando ya mteremko kanisa dogo sana la mawe, dogo kuliko nyumba nyingi za walimu wetu. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka Waitalia waliokamatwa vitani, wakaletwa Kenya na kutiwa katika kazi ya kutengeneza barabara ile. Mateka wenyewe walikwisha rudi kwao zamani, na barabara imetengenezwa tena na tena tangu siku zile, lakini kanisa lingalipo. Waliolijenga hawakuwa ndugu zetu, wala hawakuja hapa kwa hiari yao. Hata hivyo sijapata kumsikia mtu akisema kwamba mawe yale yabomolewe yakajengee duka. Wasafiri husimama hapo, hupumzika, hupiga picha, kisha huendelea na njia yao. Na tuliweke jambo hilo akilini, maana litatufaa huko mbele.

Ukipita Naivasha na Gilgil, kabla ya kufika Ziwa Elmenteita, kuna kibao kiandikwacho Kariandusi. Ndipo mahali ambapo Dakta Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete na mtoto wa wamisheni, pamoja na wenzake wa msafara wa mwaka 1928 na 1929, walipoyaona mashoka ya mawe yakitokeza katika kingo za korongo. Mashoka hayo hayana mpini, yalishikwa mkononi. Mengine yalichongwa katika jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, ambalo hutokana na moto wa volkano, na makali yake hata leo yaweza kumkata mtu asiyejihadhari. Wataalamu wanasema kwamba yalitengenezwa yapata miaka laki saba hata milioni moja iliyopita, wakati ufuko wa ziwa ulipokuwa mahali hapo. Mengi yameachwa papo hapo yalipolala ili watu wayaone, na mgeni huyatazama kwa juu bila kuyagusa.

Kando ya Kariandusi pana machimbo ya udongo mweupe mwepesi uitwao diatomaiti, ambao ni mabaki ya vijimea vidogo mno vilivyoishi katika maji ya ziwa la kale. Udongo huo hutumika viwandani, hasa katika kuchujia vinywaji. Basi mahali pamoja pana machimbo mawili. Hapa watu huchimba wapate mshahara wa mwisho wa mwezi. Pale watu walichimba wapate maarifa. Kwa kuwa mpaka unajulikana, kila kazi imepata nafasi yake. Nimelitaja jambo hili kwa sababu wako wadhanio kwamba kulinda mahali pa kale ni kuzuia kila kazi na kuwanyima watu riziki. Kariandusi yatuonyesha kwamba sivyo ilivyo, mradi watu wakubaliane mapema wapi pachimbwe na wapi paachwe.

Sasa tufike Nakuru. Mji huu, ambao reli iliufikia mwaka 1900, ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Kabla ya kuingia mjini, yapata kilometa nne hivi, upande wa barabara pana kilima cha mawe kisichokuwa kikubwa. Kwa Kiingereza chaitwa Hyrax Hill, maana yake Kilima cha Pimbi, kwa ajili ya wale wanyama wadogo waliokuwa wakiishi katika nyufa za miamba yake. Leakey alikitambua kilima hiki mwaka 1926, na mkewe, Mary Leakey, akachimba hapo mwaka 1937 na 1938. Mahali hapo palikuwa ndani ya shamba la mlowezi. Mwaka 1943 Serikali ilipatangaza kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 1965 nyumba ya shamba lile ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho.

Mtu apandaye kilima hiki polepole huwa kama afunguaye kitabu. Ukurasa wa kwanza ni makaburi ya watu wa Zama za Mawe za mwisho, walioishi maelfu ya miaka kabla yetu. Makaburi ya wanawake yalikutwa na sahani za mawe, vinu na michi, lakini ya wanaume hayakuwa na vitu hivyo. Kwa nini mwanamke azikwe na vyombo vyake na mwanamume alazwe mikono mitupu? Waliojua jibu walikwisha kufa, na kila mgeni hubaki na dhana yake. Ukurasa wa pili ni mashimo ya Wasirikwa, ambayo nitayaeleza baadaye. Tena juu ya mwamba mmoja pana vishimo vilivyochongwa kwa mistari, navyo ni bao. Nilipoviona nilicheka peke yangu, maana mchezo ule huuona kila Jumamosi chini ya mti penye stendi ya magari. Watu waliokaa juu ya mwamba ule, wakisubiri ng'ombe washibe, walipitisha saa zao kama tunavyozipitisha sisi.

Lakini jambo lililonishika zaidi ni habari za maji. Yapata miaka elfu tisa au kumi iliyopita, wakati mvua ilipokuwa nyingi kuliko sasa, Ziwa Nakuru na Ziwa Elmenteita yalikuwa ziwa moja kubwa, na maji yake yalifika hata miguuni pa kilima hiki. Leo mtu akisimama kileleni aliona ziwa liko mbali, ng'ambo ya mabati ya nyumba, aweza kudhani kwamba hizo ni hadithi za kuwafurahisha watoto. Lakini tangu yapata mwaka 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamepanda, yakameza lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama pamoja na ofisi zake, na kufika mwaka 2020 yalikuwa yameingia katika nyumba na mashamba ya majirani wa ziwa. Watu walihama na magodoro vichwani, wakisema kwamba jambo kama hilo halijapata kutokea. Lilikuwa limekwisha tokea, tena kwa ukubwa kuliko huo, na ushahidi wake ulikuwa umelala kilimani siku zote. Kwa hiyo asemaye kwamba mambo ya kale hayana faida kwa mkulima, na amwulize yule ambaye shamba lake la sukuma limegeuka makao ya viboko.

Sasa niingie katika neno gumu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku moja nilikuwa upande wa Molo kwa kazi ya ofisi. Mzee mmoja mkulima, aliyekuwa amemaliza shughuli zake kwetu, aliniomba nifuatane naye hadi shambani kwake, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba napenda mambo ya kale. Huko alinionyesha mashimo matatu mteremkoni, yamepangana, kila moja na upana wa mita kumi hivi, yameota nyasi, na upande wa chini wa kila shimo pana uwazi kama mlango. Nikamwambia, "Mzee wangu, haya ni mashimo ya Wasirikwa."

Wasomaji wa sehemu za Uasin Gishu, Nandi, Kericho na Nakuru watakuwa wameyaona mashimo kama hayo, maana yametapakaa katika nyanda zote za juu za magharibi. Hapo kwanza wataalamu walidhani kwamba yalikuwa nyumba zilizochimbwa ardhini. Baadaye Profesa John Sutton aliyachunguza kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba yalikuwa mazizi. Watu wale walichimba zizi katika mteremko, ng'ombe wakalala ndani usiku wakikingwa upepo na wezi. Nyumba ya mwenyewe ilijengwa ubavuni mwa zizi. Mbolea na matope yalikokotwa nje kwa mlango wa chini, hata yakawa kichuguu. Wasirikwa waliishi hivyo tangu yapata mwaka 1200 hadi kama miaka mia tatu iliyopita. Kisha jina lao likabaki katika masimulizi ya Wakalenjin na Wamaasai, na wao wenyewe wakachanganyika na watu wengine.

Yule mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Bwana karani, umesema vizuri. Sasa nisikilize na mimi. Nina ekari tatu na watoto sita. Nikiyafukia mashimo haya nitapata nafasi ya magunia matano ya viazi. Nikiyaacha nitapata nini?"

Kabla sijafungua kinywa akaongeza neno la pili, tena kwa sauti ya chini ijapokuwa tulikuwa peke yetu. "Na tena, nikitangaza kwamba hapa walikaa watu wa kale, kesho atakuja mtu na kusema: hao walikuwa babu zangu, shamba hili ni langu. Wewe hukuona yaliyotokea?"

Nilijua asemalo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, damu ilimwagika Nakuru, Molo na Naivasha, na watu wengi walilala katika mahema. Katika maneno yaliyochochea uadui ule, mojawapo lilikuwa hili: nani alikuja kwanza, na nani ni mgeni. Basi mzee hakuwa mjinga asiyethamini historia. Aliijua nguvu yake, ndiyo maana aliiogopa. Katika mabonde yetu haya, ambapo Mkikuyu, Mkalenjin, Mmaasai, Mkisii, Mluhya, Mjaluo na wengineo wanapakana ua kwa ua, kaburi la kale laweza kushikwa kama hati ya shamba.

Nilimjibu maneno mawili, nami nayarudia hapa kwa kuwa najua wako wengi wenye hofu kama yake.

La kwanza ni la sheria. Hati ya shamba haitolewi na mifupa ya mtu aliyekufa miaka mia tano iliyopita. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yasema kwamba mtu akigundua mahali au kitu cha kale, yampasa kutoa habari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku saba. Kutoa habari si kutoa shamba. Tena Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba Serikali ikiichukua ardhi ya mtu kwa faida ya umma, sharti imlipe fidia ya haki bila kukawia.

La pili ni la kilima chenyewe. Nilimwambia: "Mzee, siku moja panda Kilima cha Pimbi ukajionee. Walikuwapo watu wenye vinu vya mawe, wakaondoka. Wakaja Wasirikwa na mazizi yao, wakaondoka. Wakaja Wamaasai na ng'ombe wao, wakaja walowezi na ngano yao, na sasa tupo sisi na majumba ya kupangisha. Atakayetafuta mwenyeji wa kwanza katika kilima kile atachimba mpaka achoke, naye hatamkuta wa kabila lake." Historia nusu hugombanisha watu, kwa maana kila mmoja huanza kuhesabu pale anapoanza yeye. Historia nzima hutupatanisha, maana hutuonyesha kwamba kila mmoja wetu alimkuta mwingine. Ndiyo sababu kuyafukia mashimo hakumwondolei mzee hofu yake: huondoa ushahidi ambao ungemkinga na uongo.

Hayo yote ni kweli, lakini sikumjibu juu ya viazi. Nalo ni swali la haki. Sisi makarani, tulao mshahara, ni rahisi kumwambia mwenye ekari tatu aache mashimo yake kwa ajili ya elimu ya watoto wa wengine. Nitalirudia swali hilo, lakini kwanza twende Njoro.

Huko Ngata, karibu na Njoro, lipo jumba kubwa la mawe ambalo wenyeji huliita kasri la Lord Egerton. Maurice Egerton, mlowezi tajiri, alianza kulijenga mwaka 1938, vita vikakatiza kazi, na likamalizika mwaka 1954. Miaka minne baadaye, mwaka 1958, alifariki dunia bila mke wala mtoto. Husimuliwa kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa ameidharau nyumba yake ya kwanza, na kwamba mwanamke huyo alimkataa hata baadaye, naye akawachukia wanawake wote. Huyo ndiye aliyeanzisha mwaka 1939 shule ya kilimo kwa vijana wa Kizungu, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, na chuo hicho ndicho kilitunzacho kasri. Siku hizi maarusi huenda huko kufunga ndoa na kupiga picha, nami hufikiri kwamba kama masimulizi ni ya kweli, basi hakuna jumba lililobadilishwa tabia kuliko hilo.

Nikiwa ndani ya matatu kutoka Njoro, niliwasikia abiria wawili wakishindana juu ya jumba hilo. Mtu mzima alisema, "Lilijengwa kwa jasho la babu zetu, na babu zetu hawakuruhusiwa kupita mlango wake wa mbele. Kwa nini fedha za umma zitumike kuziba paa lake?" Kijana aliyekaa nyuma yake akajibu kwa adabu, "Baba, kama jasho lilikuwa la babu zetu, basi jumba ni letu. Tukilibomoa, tutawaonyesha watoto wetu kitu gani, wapate kujua jasho lile lilikwenda wapi?" Abiria wengine wakaguna, na mtu mzima akanyamaza, ingawa sikumwona kuwa amekubali.

Mashindano hayo si yetu peke yetu. Kule Ufilipino, nchi ya visiwa vingi katika Bahari ya Pasifiki, Wahispania walitawala kwa zaidi ya miaka mia tatu, wakajenga mji wa mawe uitwao Intramuros ndani ya Manila. Mwaka 1945, katika vita vya kuwaondoa Wajapani, karibu mji ule wote uliangamizwa, isipokuwa kanisa la San Agustin lililobaki limesimama katikati ya vifusi. Ndipo likazuka swali kama lile la abiria wetu: je, kuta za mtawala zafaa kutengenezwa na watoto wa waliotawaliwa? Mwaka 1979 serikali yao iliweka idara maalumu ya kuutunza na kuutengeneza mji ule. Katika mji mwingine, Vigan, nyumba za kale zilisalimika, na mwaka 1999 ukaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Watu huishi katika nyumba zile na kufanya biashara chini yake. Hata huko, wenye nyumba za kale katika miji mingine mara nyingi huona faida zaidi katika kuzibomoa na kujenga maghorofa. Nami naona fundisho hapa. Mahali pa kale panapokaliwa na wenyeji na kuwapa riziki hudumu. Panapowekewa kibao tu hubaki pakingojea tingatinga.

Wako watakaosema kwamba fikira hizi za kulinda mahali pa kale zimeletwa na wageni. Sivyo. Wazee wetu hawakuwa na nyaya wala vibao, lakini walikuwa na miiko. Kwa Wakikuyu, mti wa mugumo wa matambiko haukukatwa hata kuni zilipokuwa haba. Kule pwani, Wamijikenda waliihifadhi misitu ya kaya zao, ambayo mwaka 2008 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Na papa hapa Nakuru, juu ya mji, lipo shimo kuu la volkano la Menengai, ambalo masimulizi ya vita vya Wamaasai husema kwamba lilimeza askari wengi. Hata leo watu huteremka katika mapango yake kufunga na kuomba. Mlinzi wa mahali hapo pote alikuwa jirani. Mtoto alijua mwiko kabla hajajua kuhesabu, na aliyeuvunja alijibu mbele ya watu wa kijiji chake. Sheria yetu ya leo ni nzuri, lakini ofisi iliyo mbali haiwezi kuona jembe linapoinuliwa. Jirani huliona.

Basi tutengeneze nini? Naomba nitoe rai chache, si kwa amri, maana karani wa cheo changu hana amri.

Kwa mkulima: ukikuta kaburi la kale, vigae vya vyungu, mashoka ya mawe au mashimo kama yale ya Molo, usichimbe wala usiuze. Andika mahali na siku, mwite chifu au mwalimu ashuhudie, kisha peleka habari kwa Makumbusho. Kama huna budi kulima, acha walau shimo moja kati ya matatu, na hayo mengine yapimwe na kupigwa picha kwanza. Si kila shimo litakalohifadhiwa, nami sitamdanganya mtu. Lakini shimo lililopimwa limeacha neno nyuma yake.

Kwa mwalimu: nauli ya kuwapeleka watoto Kilima cha Pimbi au Kariandusi ni ndogo kuliko ile ya kuwapeleka Mombasa. Mtoto aliyeona bao la mwambani hatalivunja atakapokuwa mtu mzima.

Kwa wakubwa wa kaunti na wa Serikali: hapa ndipo nilirudiapo lile swali la viazi. Mwenye shamba atunzaye mashimo kwa faida ya wote hapaswi kuachiwa gharama peke yake. Kazi ya ulinzi, uongozi wa wageni na kuuza chakula na viti vya mianzi mahali hapo ianze kwa majirani wa karibu, kabla ya kutafuta watu wa mbali. Na anayetoa habari njema apewe walau barua ya shukrani yenye mhuri, maana barua hiyo ataitundika ukutani, na wanawe wataisoma.

Mzee wa Molo nilimwona tena miezi kadhaa baadaye, sokoni. Alikuwa amefukia mashimo mawili, akapanda viazi, naye alinieleza bila haya kwamba vimeota vizuri. La tatu ameliacha. Ndani yake hulaza ndama wakati wa baridi, kwa kuwa, alisema, upepo hauingii, nao wale watu wa kale hawakuwa wapumbavu. Wajukuu wake wameliita shimo hilo "kwa Msirikwa", na hakuna mtoto wa jirani anayekubaliwa kutupa taka humo. Nilipomwuliza kama bado anaogopa kwamba atakuja mtu kulidai, alifikiri kidogo, akajibu kwamba akija atamwonyesha ndama, na amkaribishe chai. Mashimo mawili nimeyasikitikia, na kwa lile moja nashukuru. Wasomaji wenye mashimo kama hayo katika mashamba yao na wayatazame tena kabla ya majira ya kulima.